Rede, kombolela, kamba au chandimu: mchezo upi unawakimbiza watoto kweli?

Mama Nuru: Wadau, habari za leo. Shule zimefungwa na wanangu, wa miaka 7 na 10, wanashinda kwenye runinga. Ua wetu hapa Tabata ni mdogo, chini saruji tupu, ila jirani ana kiwanja cha mchanga hajajenga, ametukubalia jioni. Watoto wa mtaani wakija wanafika wanane. Sitaki wawili wacheze, sita watazame. Mngeanza na upi?

Ticha wa Michezo: Dada, hapo kwenye watazamaji ndipo penyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate angalau dakika 60 kwa siku za kuchangamsha mwili, na walau siku 3 kwa wiki afanye zoezi la kuimarisha misuli na mifupa. Sasa chukua rede, wawili wanarusha mpira kumlenga mwenzao aliye kati. Aliye kati anafanya kazi kubwa: anakwepa mpira, anainama kujaza mchanga kwenye chupa, anaruka tena. Lakini akipigwa anatoka, na wa kupigwa mapema mara nyingi ni yule mzito anayehitaji mazoezi kuliko wote. Kombolela, ule wa kujificha na kopo, inamrudisha. Walioonekana wanasubiri kidogo, mwenzao akichomoka mafichoni na kulipiga kopo teke, wote wamekombolewa na mbio zinaanza upya. Mimi naiweka ya kwanza.

Chandimu Damu: Mwalimu, heshima yako, ila kombolela mtoto anaweza kujibanza nyuma ya tenki la maji robo saa nzima! Chandimu, soka letu la mtaani, huna pa kujificha. Wanne kwa wanne, goli dogo la ndala mbili, bila kipa. Mpira wa nailoni na matambara haudundi sana, kwa hiyo hata wa miaka 7 anaumudu. Wakiwa wachache hivyo kila mmoja anaugusa.

Ticha wa Michezo: Hilo la kujibanza nakubali. Punguzeni maficho, na mtafutaji akatazwe kulinda kopo. Akiganda pale, wenzake nao hawatoki.

Nakuru Mum: Kwa huo ua wa saruji, fikiria kamba au blada. Huku twaunganisha vipande vya tyubu ya baiskeli, wawili wanasimama wameivaa miguuni, mwenzao anaruka. Inaanza kwenye vifundo, inapanda magotini, hadi kiunoni. Kamba inachosha zaidi, maana hata wanaoizungusha mikono inafanya kazi. Kwa mifupa, kuruka ni kuzuri sana. Wavae raba tu, saruji inaumiza visigino.

Baba Mapacha: Naitetea rede. Mmoja wa wanangu ni mzito, alikuwa akipigwa wa kwanza kila mara mpaka akaanza kukataa kutoka nje. Iliniuma. Watoto wenyewe wakabadili sheria: ukipigwa, unakwenda kurusha, na aliyekuwa akirusha anaingia kati. Mpira ukipotea, mrushaji ndiye anaukimbilia. Sasa jioni yeye ndiye anayekuja kuniomba soksi kuukuu za kushonea mpira. Kwa watoto wanane, tengenezeni makundi mawili ya wanne, foleni isiwe ndefu.

Chandimu Damu: Kwa sheria hiyo, rede naipa nafasi ya pili. Chandimu bado ya kwanza.

Mama Nuru: Asanteni sana, mmenifungua macho. Asubuhi, kabla jua halijakuwa kali, kamba hapa uani. Jioni kiwanjani waanze na kombolela, wamalizie chandimu, na rede ya Baba Mapacha siku wasichana wakiwa wengi, ingawa kijana wangu naye anaipenda. Kesho nafagia kwanza, upande wa ukuta kuna vipande vya chupa.

Nakuru Mum: Kamba nunua ya manila, nene kidogo, mita 5 hivi. Nyembamba inawachapa miguu, wataiacha siku ya pili.