Mjadala: Saquon Barkley alinyimwa rekodi?

Kijiti: Wadau wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, hili bado linanikera. Msimu wa 2024 Barkley wa Eagles alikimbia na mpira yadi 2,005, zikabaki 101 tu ampite Eric Dickerson aliyeweka rekodi ya msimu mmoja, 2,105, mwaka 1984. Mechi ya mwisho ni dhidi ya Giants, timu yake ya zamani iliyomwacha aondoke. Kocha wa Eagles akamweka benchi apumzike! Angepewa hata nusu ya kwanza. Mnasemaje?

Mama Chipo: Nafasi ya Eagles kwenye msimamo ilishajulikana, mechi ilikuwa ya kutimiza ratiba. Angevunjika goti ungekuwa hapa unamtukana kocha huyo huyo. Mwezi mmoja baadaye wakawapiga Chiefs 40 kwa 22 kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, siku aliyotimiza miaka 28. Zawadi gani tena unamtakia?

Fundi Saa: Hata angeivunja ingekuwa ya kuchakachua. Siku hizi msimu ni mechi 17, enzi za Dickerson zilikuwa 16. Barkley kacheza 16 sawasawa na mwenzake na bado kapungukiwa, sasa kanyimwa nini? Na tukienda hivyo, Dickerson naye alimpita O.J. Simpson, mwenye rekodi kabla yake, kwenye mechi ya 15. Simpson alipata 2,003 zake mwaka 1973 kwa mechi 14. Mnagombea rekodi ipi hasa?

Bwana Kunde: Samahani, napita tu. Hivi hawa wanaovaa helmeti na mito mabegani, wanakimbia sekunde tano wanapumzika dakika nzima, nao wana rekodi? Hiyo ni raga ya waoga.

Mtoto wa Minnesota: Mjomba, waoga?? Mimi naishi huku Minneapolis. Njoo Ijumaa jioni usimame pembeni ya uwanja wa sekondari yoyote. Dogo wa miaka 17 ana kilo 120 na anakuja mbio. Helmeti zikigongana unasikia kama bati limeanguka kutoka paani, halafu wote wawili wanainuka wanapanga mstari tena. Ukimaliza kuangalia ndiyo urudi hapa na mdomo wako.

Bwana Kunde: Ijumaa jioni nina shughuli za maana. Raga ni dakika 80, hakuna mito, na mtu akiumia hatangaziwi tangazo la bia.

Nyanda: Kunde, Mkenya Daniel Adongo alikuwa mcheza raga wa kweli, Colts, timu ya NFL, wakamchukua 2013. Mechi zake NFL unazihesabu kwa vidole. Kama mchezo ni wa waoga mbona hakutamba?

Ochi wa Kisumu: Hapo umenigusa pabaya. Adongo alitoka Kenya, akacheza raga Afrika Kusini na New Zealand, akaingia NFL bila kuwahi kucheza mchezo huo maishani. Alikuwa anajifunza sheria huku anapangwa na watu walioanza wakiwa na miaka minane! Kuvaa jezi tu ni historia. Wewe kwenu mmetoa nani?

Nyanda: Mkuu, sikumtukana mtu, usilete mambo ya nchi. Waafrika waliotamba wapo. Kuna yule Mghana mrusha kisahani, Okoye sijui.

Mama Chipo: Christian Okoye ni Mnaijeria, kazaliwa Enugu. Kisahani umepatia. Mwaka 1989 akiwa na Kansas City Chiefs aliongoza ligi nzima kwa yadi 1,480, na mabeki walikuwa wanamparamia wanabaki chini. Jina lake la utani lilikuwa Jinamizi la Nigeria, Nyanda, siyo la Ghana.

Nyanda: Mghana, Mnaijeria, hoja yangu iko palepale.

Fundi Saa: Hoja ipi? Mimi naendelea na hesabu. Ukigawa yadi kwa mechi, hakuna wa kumsogelea Jim Brown: misimu tisa, 1957 hadi 1965, mechi 118 bila kukosa hata moja, wastani wa yadi 104 kila mechi. Kisha akastaafu akiwa bado anaongoza ligi. Huyo ndiye mfalme, hao wengine ni wapangaji.

Kijiti: Na Barry Sanders? Mwaka 1999 alituma faksi kwenye gazeti la kwao Wichita kwamba basi, ameacha. Alibakiza yadi 1,457 kuifikia rekodi ya Walter Payton ya yadi za maisha yote ya uchezaji, na miguu bado mizima kabisa! Kumbe kuna watu rekodi haziwashughulishi.

Bwana Kunde: Kastaafu kwa faksi. Nilisema nini kuhusu waoga?

Mtoto wa Minnesota: Kunde, una kilo ngapi? Jibu hilo kwanza.

Bwana Kunde: 64. Na nilicheza raga shuleni, winga, bila helmeti.

Ochi wa Kisumu: Winga ndiyo nafasi ya kukwepa watu, ndugu yangu. Na Nyanda bado hajanijibu.