Mrejesho: utafiti wangu kwa wavuvi wa dagaa, Ziwa Victoria

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza nifanyeje wavuvi wa kuajiriwa kwenye mitumbwi ya dagaa waniambie ukweli kuhusu kazi na afya zao, maana tajiri (mwenye mtumbwi) akiwa karibu kila mtu ni "tunamshukuru Mungu".

Uliosaidia ni ushauri wa kufuata mwezi. Siku za giza wako majini usiku kucha na taa zao, asubuhi wanapakua na kulala. Kumwamsha mtu umpe dodoso ni uonevu. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, basi wanabaki kambini wakishona nyavu. Hapo wanaongea.

Dodoso nililiweka pembeni nikaanzia kwenye mgao: mauzo, toa mafuta, toa chakula, kinachobaki wagawane na tajiri. Mmoja alinichorea hesabu mchangani kwa kijiti. Alipofika kwenye madeni aliyochukua kabla ya msimu, akafuta fungu lake lote kwa kiganja, wenzake wakacheka. Baada ya hapo maumivu ya mgongo, usingizi, pombe na hofu ya dhoruba vilikuja vyenyewe.

Aliyenitajia Mkataba namba 188 wa 2007 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), unaohusu kazi ya uvuvi, asante sana. Ila ile kanuni yake ya saa 10 za mapumziko katika kila saa 24 inahusu vyombo vinavyokaa majini zaidi ya siku 3, na hawa wanarudi kila asubuhi. Nitautumia kwenye mikataba ya kazi na vifaa vya kujiokolea.

Msimamizi wangu bado anadai majedwali. Atayapata mwezi ukiandama tena na wao wakirudi majini.