Mashine ya kukatia nyasi ya kukalia imegoma kuwaka baada ya kiangazi, naombeni ushauri

MtunzaUwanja
Habarini za jioni wakuu. Natunza viwanja vya shule moja huku Usa River, Arusha. Tuna mashine ya kukatia nyasi ile ya kukalia, ya petroli, silinda moja, nguvu farasi 17.5. Mwezi wa saba nyasi zilipokauka niliiegesha nyuma ya jiko nikaifunika turubai. Sasa vuli imeshuka, nyasi za uwanja wa mpira zimefika magotini, nimeenda kuiwasha inalia tak tak tu. Nimeunganisha na betri ya gari, starta ikazungusha vizuri, lakini injini haishiki. Fundi wa pikipiki ameiangalia dakika tano akasema kabureta (ile inayochanganya petroli na hewa) imekufa, mpya ni laki mbili na nusu. Mkuu wa shule anataka iuzwe chuma chakavu. Inaniuma sana, maana kabla ya mashine hii uwanja ule tulikuwa tunaufyeka vijana sita, siku mbili nzima. Halafu hata ilipokuwa nzima ilikuwa inakata upande mmoja chini, mwingine juu. Nianzie wapi?

FundiSpana
Pole mkuu. Usinunue kitu kwanza. Petroli uliiacha kwenye tangi?

MtunzaUwanja
Ndiyo, kama nusu tangi hivi.

FundiSpana
Basi anzia hapo. Petroli ikikaa zaidi ya mwezi huanza kuharibika, na ile kidogo inayobaki kwenye bakuli la kabureta hukauka ikaacha utando wa kahawia kama gundi. Utando huo unaziba jeti, kile kipande kidogo chenye tundu la kupitishia petroli, na tundu lake ni jembamba mno.

Fungua plagi uitazame baada ya kuzungusha starta. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, tafuta tatizo kwenye cheche. Yako nahisi itakuwa kavu. Mwaga petroli yote ya zamani, badilisha fita ya mafuta, kisha shusha bakuli la kabureta. Chini yake mashine nyingi za aina hii zina solenoidi, yaani vali ndogo ya umeme inayofungua njia ya petroli, yenye waya. Mtu mwingine azungushe ufunguo, wewe weka kidole juu yake: lazima uisikie ikigonga tik. Ikiwa kimya, petroli haipiti hata ungefunga kabureta mpya kutoka dukani. Ikigonga, toa jeti, ipulizie dawa ya kusafishia kabureta, kisha pitisha uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya laini wa umeme. Usitumie sindano wala msumari, utapanua tundu na injini itakunywa mafuta kupita kiasi.

Na ukiazima umeme wa betri ya gari, gari liwe limezimwa.

BustaniMoshi
Kaka, hiyo ya kukata upande pima upepo wa matairi kabla ya kugusa visu. Yangu inataka psi 14 mbele na 10 nyuma. Tairi moja ikilegea, sehemu yote ya visu inainama. Fanya hivyo juu ya sakafu ya saruji.

Visu navyo vitoe uvinoe, lakini chomoa waya wa plagi kwanza, nakusihi, kisu kinaweza kuzunguka ukiwa umeshakishika. Tumia tupa, fuata mteremko wa makali kama ulivyotoka kiwandani. Ukimaliza, kining'inize kwa tundu lake la katikati kwenye msumari wa ukutani. Kikiinama upande mmoja, upande huo ndio mzito, upunguze. Kisu kisicho na mizani kinaitetemesha mashine na kumaliza beringi.

Jambo lingine, fungua kava la feni juu ya injini. Mwaka jana yangu nilikuta panya wamejenga kiota cha nyasi kavu kati ya mapezi ya silinda, yale yanayoipoza kwa hewa. Ningeiwasha vile, ingechemka hadi ife.

MbongoMinnesota
Nimesoma nikiwa huku Marekani, ambako mashine inalala tangu Novemba hadi Aprili kwa sababu ya theluji. Mimi natia petroli mpya pamoja na dawa ya kuitunza, naiwasha dakika kumi ili dawa ifike hadi kwenye kabureta, ndipo naizima. Oili naibadilisha kabla ya kuilaza, kwa sababu oili chafu ina asidi inayokula vyuma. Betri naitoa na kuichaji mara moja kwa mwezi. Nyasi zilizoganda chini, karibu na visu, nazikwangua kwa kipande cha mbao, maana zinashika unyevu na bati linaoza.

FundiSpana
Umesema vema, ila kama dawa hiyo haipatikani karibu nawe mkuu, mwaga tangi, kisha iache iungurume mpaka izime yenyewe. Na turubai lisifike chini, acha hewa ipite.

MtunzaUwanja
Wakuu, nawashukuru kutoka moyoni. Plagi ilikuwa kavu kabisa. Solenoidi inagonga. Kwenye bakuli nilikuta uchafu wa rangi ya chai, na jeti nilipoielekeza kwenye jua haikuonyesha mwanga hata kidogo. Baada ya kuisafisha imewaka kwa mzunguko wa pili! Tairi la nyuma kulia lilikuwa na psi 4 tu. Mkuu wa shule amekuja mwenyewe kuisikia, habari ya kuiuza imekwisha. Kilichobaki ni betri: nimeichaji usiku kucha, asubuhi inasoma volti 11.2.

FundiSpana
Hiyo imekufa seli moja. Iliyojaa husoma 12.6 au zaidi. Nunua nyingine, ila linganisha ukubwa na upande wa vichwa vyake.

MtunzaUwanja
Sawa mkuu. Leo nanoa visu. Kesho saa nne, umande ukishakauka, naanzia goli la upande wa barabarani, na visu nitaviinua juu kwanza maana nyasi ni ndefu mno.