Mgeni pasipoti inasema mwanamume, yeye anataka aitwe madam. Tufuate nini?

ZamuYaUsiku: Wakuu, salamu. Niko mapokezi kwenye hoteli moja hapa Malindi. Juzi kafika mgeni, gauni refu, kucha zimepakwa, pasipoti imeandikwa M. Mwenzangu kasoma pasipoti akamwita "sir". Mgeni akaomba taratibu aitwe madam. Bosi kasema tufuate pasipoti, basi. Nyinyi mwaonaje?

BintiMaweni: Fuata mtu. Pasipoti haitoi tipu.

MzeeKibao: Mwajitafutia kazi. Kiswahili kilishatuepusha na haya: anakuja, anakula, analala. Mume au mke, A ni ile ile. He na she ni shida za Mngereza na hao Wataliano wenu wa Malindi. Huku Lamu hatuna mambo hayo.

MamaLulu: Shikamoo mzee. A yatosha ukimsema mtu hayupo. Akiwa mbele yako je? Bwana au bibi? Kaka au dada? Pwani hii mtu haitwi kavukavu.

MzeeKibao: Marahaba. Mimi nimesema sarufi, wewe waniletea adabu.

MamaLulu: Na kilichoulizwa ni kipi, mzee?

PwaniSafi: Astaghfirullah. Mwanamume ni mwanamume. Leo madam, kesho mtaambiwa mumwite malaika.

BintiMaweni: Malaika akilipa vyumba viwili na kifungua kinywa, nitamwita malaika.

TuktukNgala: Rudini nyuma kidogo. "Wataliano wenu" ni kina nani? Majumba ya Shela huko kwenu yameshikwa na nani, si wazungu hao hao? Mzee, usitutupie mawe.

MzeeKibao: Sisi twawauzia nyumba, hatuwauzii lugha. Kijana wa Malindi akijikwaa asema "mamma mia".

TuktukNgala: Afadhali mamma mia kuliko kusubiri punda apite ndipo nami nipite.

WigiNaMwanga: Samahani kuwakatiza na punda wenu. Mimi hufanya drag, yaani shoo za kuvaa kike jukwaani, si hapa, msinitafute. Mwatuchanganya. Nikiwa jukwaani na wigi, niite dada, tena kwa jina langu la jukwaani. Asubuhi nikienda kununua mahamri mimi ni kaka, wala sikasiriki. Si sote tuko hivyo, lakini mimi ndivyo. Rafiki yangu yeye havai kwa shoo, ndivyo alivyo: ni dada jukwaani, sokoni, hata akiumwa. Kumwita kaka ni kumuumbua. Kama hujui, muulize "nikuiteje?" Ila umuulize pembeni, si foleni nzima ikisikiliza.

PwaniSafi: Hata serikali haiwatambui.

Kalamu2: Mbona yule Audrey, dada aliyezaliwa akaandikwa mwanamume, alishinda kesi ya kubadilishiwa jinsia?

MamaLulu: Si jinsia, ni cheti. 2014 Mahakama Kuu iliiamuru KNEC, baraza la mitihani la Kenya, itoe cheti kipya cha KCSE, ule mtihani wa kidato cha nne, chenye jina Audrey Mbugua Ithibu, na alama ya jinsia iondolewe.

BintiMaweni: Kumbe cheti cha serikali chaweza kukaa bila M wala F, na meza ya mapokezi haiwezi!

PwaniSafi: Cheti hakinihusu. Nimesema dini, mwanijibu mitihani.

ZamuYaUsiku: Jamani, mgeni yuko mpaka Ijumaa. Na si Kiingereza tu, Kiitaliano ndicho kibaya zaidi, hata karibu yenyewe ina jinsia: benvenuto, benvenuta. Bosi nimwambie nini?

WigiNaMwanga: Mwambie mgeni keshasema mwenyewe aitweje. Pasipoti ni ya kujazia fomu.

MzeeKibao: Huyo wa tuktuk bado yupo? Punda wa Lamu walijengewa hospitali. Tuktuk yako ikiugua waipeleka wapi?

TuktukNgala: Kwa fundi, mzee. Na fundi hanitozi bei ya Shela.