Hivi mtesaji naye anaumia, au tunamtafutia huruma tu?

Kipepeo77: Wakuu, kuna kitu kimenikaa kichwani wiki nzima. Frantz Fanon, yule daktari wa akili wa hospitali ya Blida kule Algeria, wakati wa vita ya uhuru alifuatwa na polisi mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kutesa wafungwa. Jamaa alikuwa ameshafika hatua anapiga wanawe, hadi mdogo wa miezi 20, na siku moja akampiga mkewe na kumfunga kwenye kiti. Sasa kilichonishangaza, hakutaka kuacha kazi! Alitaka atibiwe ili aendelee kutesa bila dhamiri kumsumbua. Swali langu, huyu naye tumhesabu majeruhi?

Fundi_Saa: Majeruhi wapi mkuu. Majeruhi ni yule aliyekuwa anateswa. Tukienda hivyo kesho mwizi atadai fidia ya kuchoka mikono.

Kipepeo77: Nimetaja fidia wapi mimi? Soma kwanza.

MamaWawili: Fundi umenichekesha ila kuumia na kuonewa ni vitu viwili. Mtu akiungua na moto aliouwasha mwenyewe kidonda si kinauma vilevile, ila hatumpi pole sawa na aliyechomewa nyumba. Na ukatili hauna sare ya kazi useme jioni unauvua, unarudi nao nyumbani, ndo kilichompata huyo polisi. Mimi kwa kweli ndo maana sichapi wanangu.

MzeeWaHoja: Ahaa, kumbe safari ilikuwa ya huku. Dada yangu, fimbo ya mzazi na mateso ya gerezani vimekutana wapi? Samaki mkunje angali mbichi. Sisi tulichapwa na tumekuwa watu.

Nyota_K: Mmekuwa watu au mmekuwa wachapaji? Uswidi walipiga marufuku 1979 na watoto wao hawajawa majambazi.

MzeeWaHoja: Uswidi Uswidi, kila kitu Uswidi. Hamieni huko basi.

Tumbili_Mweupe: Mkiacha fimbo kidogo, kuna ule utafiti wa Marekani watu walipigwa shoti za umeme hadi wengine wakazimia, sijui mwaka gani, ulionyesha binadamu wote ni wakatili tu.

Nyota_K: Hapana, hakuna aliyezimia kwa shoti pale. Ni Milgram, mwanasaikolojia wa chuo cha Yale, alianza 1961. Watu waliambiwa wabonyeze swichi kumpiga mwenzao shoti kila akikosea jibu. Kumbe huyo mwenzao wa chumba cha pili alikuwa anaigiza tu, anayebonyeza swichi ndo hajui. Kwenye lile jaribio linalotajwa sana, watu 26 kati ya 40 walifika mwisho, volti 450. Lakini angalia, hawa wabonyezaji wengi walikuwa wanatoka jasho, wanatetemeka, wengine wanacheka kicheko cha ajabu kisichozuilika. Mwili ulikuwa unakataa huku mkono unabonyeza. Si ndo jibu la Kipepeo hilo?

Fundi_Saa: Walitetemeka ila walibonyeza. Mimi nahesabu kubonyeza.

MzeeWaHoja: Bado sijajibiwa. Huyu mama anayesema hachapi, akikosewa anafanyaje, anawaimbia?

MamaWawili: Mzee wangu nakuheshimu ila wanangu waache. Nilishampiga mkubwa siku moja, kosa dogo tu, nilikuwa nimetoka kugombana na watu wengine kabisa. Yeye kesho yake alikuwa anacheza. Mimi nilikuwa nasikia ule mkono unawaka, na kibaya zaidi nilikuwa natafuta sababu ya kwamba alistahili. Hiyo ya kutafuta sababu ndo iliniogopesha.

Tumbili_Mweupe: Dah.

MzeeWaHoja: Hayo ni ya kwako. Mimi nilipigwa viboko 12 mbele ya darasa zima, ilikuwa Jumatano, na kosa lenyewe halikuwa langu. Sina kinyongo na mtu.

Fundi_Saa: Huna kinyongo mzee ila hadi Jumatano unaikumbuka 😂

MzeeWaHoja: Naikumbuka kwa sababu nina akili timamu, we kijana usinichezee. Tena yule mwalimu nilikuja kukutana naye miaka mingi baadaye, nikamsalimia vizuri kabisa, shikamoo na nini, yeye ndo alishindwa kunitazama usoni. Sasa mwenye shida ni nani hapo?

Kipepeo77: Mzee ngoja, rudia hapo. Alishindwa kukutazama?

MzeeWaHoja: Nimeshasema. Turudi kwenye mada, nani alileta habari za Uswidi?