Naomba ushauri: tajiri ananiagiza kuuza rambo, tukikamatwa kosa ni la nani?

Habari za kazi wakuu. Nimeajiriwa kwenye duka la jumla hapa Mwanza. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini tajiri analeta mabunda ya rambo usiku, tunayaficha nyuma ya magunia ya mchele, na mimi ndiye ninayemkabidhi mteja mkononi. Nimemwambia naogopa, akanijibu faini atalipa yeye. Sawa, na kifungo je? Hicho hawezi kunibebea, na nina watoto wanaonitegemea.

Wanaojua sheria naomba mnisaidie: maofisa wa NEMC (baraza la serikali la mazingira) wakiingia, anashtakiwa mwenye leseni, mimi muuzaji, au wote wawili? Na nikikataa akanifukuza, naweza kwenda CMA (tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi) wakati sina mkataba wa maandishi?