Mtoto anaitwa jukwaani halafu ananyang'anywa maiki! Hii bendi imezidi sasa

Wakuu, nimetoka ukumbini sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Bendi mnaijua, ile ya nguo za rangirangi, kila mwenye mtoto ana nyimbo zao kichwani apende asipende. Jina sitaji.

Saa nzima ni "Watoto mpooo?" "Tupooo!" "Sijasikia!" Hujasikia nini, na mimi masikio yameshahamia kisogoni? Tukavumilia. Tukaruka kichura na viuno vyetu hivi. Ikafika zamu ya kuita mtoto jukwaani, akaitwa binti yangu wa miaka minne. Akapewa maiki aimbe kiitikio. Akavuta pumzi, akafungua mdomo, maiki ikanyakuliwa! Mdomo wa mtoto uko wazi, maiki haipo!

Halafu yule mwimbaji anageukia wengine, "Haya, nani anaweza?" Huyu alikuwa anaweza! Ameshavuta pumzi! Kile kiitikio nyumbani kwetu hata jirani anakiimba akifua. Eti onyesho shirikishi. Mnamshirikisha nani kwa maiki ya kupumulia?

Mdomo wazi, wakuu. Mbele ya ukumbi mzima.

Baba Mapacha: Yule yule! Wangu aliambiwa "asante, rudi kwa mama" hata jina hajamaliza kulitaja.

Kijiwe Moto: Mleta uzi, mbona kama aliyenyang'anywa maiki ni wewe?

Mleta uzi: Mkuu usinichefue. Mdomo ulikuwa WAZI.

Fundi Spika: Mimi nakaa kwenye miksa. Bendi nyingi za hivyo muziki umerekodiwa, unabonyezwa tu, na ukishabonyezwa hausubiri mtu. Mtoto akichelewa kidogo kiitikio kimempita, ndipo anapokonywa. Wanaopiga laivu kweli, mpiga kinanda anazungusha palepale mpaka mtoto aanze.

Mleta uzi: Kwa hiyo lile gitaa ni pambo?! Ndiyo mmenichoma kabisa.

Bi Mkubwa: Mnalia maiki, mimi nalia spika. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2022, sauti kwenye kumbi isizidi wastani wa desibeli 100. Pale nani anapima? Wangu ana miaka miwili na tulipangiwa mstari wa mbele.

Kijiwe Moto: Si ungehama kiti?

Bi Mkubwa: Nihamie wapi, ukumbi umejaa? Hebu kaa kimya.

Mzazi Mchovu: Spika afadhali. Kuna baba aliinua tableti mwanzo mpaka mwisho, mwanangu kaangalia onyesho zima kwenye kioo cha mtu.

Mama Pacha Wawili: Na yule aliyevaa manyoya ya simba je? Anawafuata watoto hadi kwenye viti! Wangu sasa hivi hata zulia analikimbia.

Baba Mapacha: Simba yule! Wangu alipanda begani, akanishika nywele, hakushuka mpaka nje.

Mzazi Mchovu: Simba afunguliwe uzi wake jamani, nina mengi.